Safari ya Tarime hadi Mugumu: Jua Lililojificha Ndani ya Upepo

Mtu aondokaye Mwanza kwa basi la alfajiri kwenda Tarime hupambazukiwa njiani. Jua humzukia mkono wa kuume, ilhali ziwa humwaga mng'ao wake mkono wa kushoto. Hupita Magu, hufika Lamadi ambako Hifadhi ya Serengeti hunyoosha mkono wake hadi karibu na barabara kuu, kisha Bunda na Makutano. Baadaye gari huteremka penye Daraja la Kirumi, mahali ambapo Mto Mara, baada ya safari ndefu kutoka misitu ya Mau nchini Kenya na kupita katikati ya hifadhi, hujilaza kwenye mafunjo yake na kuingia Ziwa Viktoria. Kutoka hapo barabara huanza kupanda, na hewa nayo hubadilika.

Njia hiyo niliipita mwezi Septemba mwaka 2022, wakati wa mapumziko mafupi ya shule, nikiwa na binti yangu wa miaka tisa. Mama yake alikuwa zamu kazini, hivyo safari ilikuwa ya watu wawili. Nilitaka mtoto aijue nchi ya baba yake: kwanza Tarime kwa kaka yangu mkubwa, kisha Mugumu, wilayani Serengeti, kwa mama yangu mzazi, ambaye hakuwa amemwona mjukuu wake huyo kwa miaka minne.

Yapasa niseme mapema kwamba binti yangu ana ualbino. Nalisema kwa sababu habari yote ninayoisimulia hapa yatokana na jambo hilo, na kwa sababu safari ile ilinionyesha kosa langu. Baba yeyote wa Kanda ya Ziwa mwenye mtoto kama wangu anayakumbuka mauaji yaliyotutia simanzi, hasa katika miaka ya 2007 na 2008, watu walipouawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina. Binti yangu hakuwa amezaliwa, lakini hofu ile niliirithi nikaitunza. Basi njia nzima nilikuwa nikiwatazama watu: nani ameketi nyuma yetu, nani anauliza jina la mtoto, nani anatukodolea macho kituoni. Niliwachunga watu kwa bidii hiyo, na jua lililokuwa juu ya vichwa vyetu nikalisahau.

NCHI YA MILIMA NA MAWE

Tarime ni nchi nzuri. Mji wenyewe uko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukienda upande wa mashariki, milima hupanda zaidi. Huko utakuta migomba na mibuni ikisimama pamoja na mahindi, muhogo na ulezi, na juu ya vilele mawe makubwa yaliyopangana kana kwamba kuna mtu aliyeyatweka moja baada ya jingine. Ng'ombe ni wengi, na mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu: huletewa ugali wa ulezi, nyama, na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Jioni baridi huingia hadi mifupani, na mkazi wa mjini aliyezoea kulala bila shuka huomba blanketi.

Baridi hiyo ndiyo iliyonidanganya. Siku mbili tulizokaa kwa kaka yangu, watoto walicheza nje asubuhi na jioni, na mchana walikaa ndani wakimsikiliza babu mmoja wa jirani akipiga ritungu lake. Hakuna aliyedhurika. Jioni ya pili nikafungua mkoba kutafuta mafuta ya kukinga jua ya mtoto, nikagundua kwamba nimeyaacha Mwanza, juu ya kabati, pale pale mama yake alipoyaweka ili nisiyasahau. Nikajiambia, "Nchi yenyewe ni ya baridi. Siku chache hazitaleta neno."

Asubuhi ya tatu tulikuwa twende Mugumu. Basi dogo lilikuwa limejaa, na kijana mmoja, jamaa yetu, alikuwa akipeleka mizigo kwa pikapu. Watoto wa kaka yangu walikuwa wakienda pia kumsalimu bibi yao. Walipoparamia nyuma ya gari, binti yangu akaniomba apande nao. Nilikumbuka utoto wangu, nikakubali, nikaketi pamoja nao.

Kwa saa nzima ilikuwa furaha tupu. Upepo ulikuwa baridi hata watoto wakajifunika khanga moja watu watatu. Tulipofika mteremko mmoja, kofia yake pana ikanyakuliwa na upepo, ikapotelea bondeni. Watoto wakacheka. Nami nikacheka, nikavua kapelo yangu nikamvika. Kapelo hutia kivuli kipaji cha uso tu. Masikio, mashavu na shingo huviacha wazi. Tulipita Nyamongo penye machimbo ya dhahabu, tukavuka Mto Mara, na mbele kidogo gurudumu likapata pancha. Spea nayo ilikuwa haina upepo. Dereva akadandia pikipiki kwenda kutafuta fundi, na sisi tukabaki kando ya barabara, mahali pasipo na mti wa maana, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na robo.

Kulikuwa na mawingu mepesi. Watoto walichezea mawe. Nilimwita binti yangu mara mbili akae kwenye kivuli cha gari, lakini saa sita na nusu huko, katika mwezi wa Septemba, gari halina kivuli.

USIKU WA MUGUMU

Tulifika kwa mama saa tisa alasiri. Vigelegele, machozi, chakula. Kwenye saa kumi na moja nikaona mashavu ya mtoto yamekuwa mekundu. Kufikia saa moja usiku, shingo, masikio, mikono na sehemu ya juu ya nyayo, palipokuwa wazi kati ya kamba za ndala, vilikuwa vikiwaka. Ukimgusa alipiga ukelele. Midomo ilivimba, macho yakawa hayawezi kutazama taa. Baadaye akaanza kutetemeka, akasema, "Baba, nasikia baridi," na huku mwili wake ulikuwa moto kama mtu mwenye homa.

Mama yangu akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha samli. "Mura," akaniambia, "nimelea watoto tisa kwa samli hii. Mlete hapa."

Nilisimama katikati. Mama ni mama, na nyumbani kwake neno lake halipingwi na mtoto aliyekuja na begi siku ile ile. Lakini nilikumbuka mama watoto akinionya mara nyingi kuhusu mafuta juu ya ngozi iliyoungua. Nikaomba tumwite kwanza jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, ambaye pale kijijini wote humwita Sista.

Sista alikuja na tochi. Hakuuliza nani mwenye kosa. Alimtazama mtoto, akamsalimu mama yangu kwa heshima zote, kisha akasema, "Bibi, samli yako ni njema, nami nitaila. Lakini ngozi hii bado inawaka ndani. Tukiipaka mafuta sasa, tutakuwa tumefunika chungu kikiwa bado jikoni. Kwanza tuipoze." Mama akakiweka kibuyu chini.

Yaliyofuata nayaandika kwa utaratibu, ili kila mzazi ayakate na kuyaweka mahali anapoweza kuyaona.

Kwanza, mgonjwa hukaa ndani au kivulini, asirudi juani hata kidogo mpaka apone. Pili, ngozi hupozwa kwa maji ya kawaida yenye ubaridi kiasi. Tulitumia maji ya mtungi. Tulichovya khanga kuukuu ya pamba iliyo laini na safi, tukaikamua kidogo, tukaiweka juu ya mashavu, shingo na mikono kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha tukapumzika na kurudia. Barafu haiwekwi kamwe juu ya ngozi iliyoungua, kwani huijeruhi tena. Mtoto akianza kutetemeka, kitambaa huondolewa na sehemu zisizoungua hufunikwa, ili asipoe kupita kiasi. Ngozi haisuguliwi kwa taulo wala sabuni. Hukaushwa kwa kuguswaguswa tu, na ikibaki na unyevu kidogo ni vizuri.

Tatu, maji ya kunywa. Ngozi iliyoungua huvuta maji ya mwili, hivyo mtoto alipewa maji safi kidogo kidogo, na baadaye uji mwepesi. Nne, maumivu. Tulimpa parasetamoli ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kulingana na umri na uzito wake, bila kuzidisha. Watu wazima wengine hutumia ibuprofeni, lakini isitumiwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au mwenye ugonjwa wa figo bila kumwuliza mganga. Aspirini mtoto asipewe.

Tano, mshubiri, ambao wengi siku hizi huuita alovera. Sista alikata jani nene uani kwake, akalisimamisha kwanza ili utomvu wa manjano uchuruzike, maana utomvu huo huwasha. Akalipasua, akachukua ute mweupe tu, akaupaka kidogo juu ya mkono na kungoja aone kama ngozi itaukataa. Haikukataa. Ute huo hutuliza, lakini haupakwi juu ya lengelenge lililopasuka. Losheni ya kalamini kutoka duka la dawa nayo hufanya kazi ya kutuliza.

Mwisho, malengelenge. Yalitokea mawili madogo begani asubuhi yake. Hayapasuliwi: ngozi ile ya juu ndiyo bandeji bora kuliko zote. Likipasuka lenyewe, huoshwa kwa maji safi na kufunikwa kwa kitambaa safi kisichonata. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa na vinginevyo ambavyo majirani hushauri kwa nia njema, vyote huongeza kidonda au kuingiza uchafu.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Sista alinipa pia mipaka ya tiba ya nyumbani. Alisema mgonjwa apelekwe kwa mganga bila kungoja ikiwa malengelenge yamefunika sehemu kubwa ya mwili, ikiwa ana homa kali, anatapika, ana kizunguzungu au amechanganyikiwa, ikiwa hakojoi, au ikiwa ngozi inatoa usaha na wekundu unazidi kutambaa. Mtoto mchanga aliyeunguzwa na jua hapimwi nyumbani, hupelekwa. "Na kwa mtoto kama huyu," akaongeza, "hata akipona, akaguliwe."

Usiku ule sikulala. Mama yangu pia hakulala. Tulikaa pande mbili za kitanda, tukibadilishana khanga. Kwenye saa tisa usiku mtoto akasinzia. Ndipo mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe jua linaweza kumfanya hivi mtoto, nanyi mwalijua?" Nikamjibu kwamba tulijua. Hakusema neno jingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa nimeketi na majuto, na mjukuu mwenyewe amelala katikati yetu.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya. Walisafisha yale malengelenge, wakathibitisha kwamba hakuna hatari kubwa, wakatuagiza tuendelee vile vile. Maumivu ya kuunguzwa na jua huzidi sana kati ya saa 12 na 24, kisha hupungua kwa siku mbili tatu; baadaye ngozi hubambuka. Haivutwi, huachwa ianguke yenyewe.

KWA NINI BARIDI HUDANGANYA

Mtu atauliza: yawezekanaje kuungua mahali pa baridi? Jibu ni kwamba joto tunalolisikia na miali inayounguza ngozi ni vitu viwili. Kinachounguza ni miali ya urujuanimno, ambayo haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa ngozi. Upepo hupoza mwili, lakini miali hiyo hauipeperushi. Mawingu mepesi hayaizuii pia: zaidi ya asilimia 90 yaweza kupenya. Na kadiri mtu anavyopanda juu, hewa ya kuichuja hupungua. Kila meta 1,000 huongeza nguvu yake kwa asilimia 10 hadi 12. Tarime na Serengeti ziko digrii moja hadi tatu tu kusini mwa ikweta, na mwezi Machi na mwezi Septemba jua la adhuhuri hupita karibu sawasawa utosini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulitambui. Saa zetu zimepangwa kwa nchi nzima, lakini mkoa wa Mara uko magharibi zaidi kuliko pwani. Kwa hiyo huko jua halifiki kileleni saa sita kamili, bali kati ya saa sita na nusu na saa saba hivi, kwa kutegemea mwezi. Mtu anayedhani kwamba ikifika saa tisa jua limekwisha ukali hujidanganya. Ni salama zaidi kuhesabu hatari kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wenye ualbino peke yao. Rangi nyeusi ya ngozi, iitwayo melanini, ni kinga kubwa, lakini si ukuta. Mmoja wa watoto wa kaka yangu, mweusi kama mimi, alilalamika shingo siku mbili na baadaye ikambambuka. Watumiao baadhi ya dawa, kama doksisaiklini, huungua upesi zaidi. Na dada zetu wa mijini wanaojipaka mkorogo huiondoa kinga hiyo kwa mikono yao wenyewe; zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini, lakini wanaozitafuta hawajaisha.

Hata hivyo, mwenye ualbino hana kinga hiyo kabisa au anayo kidogo mno. Kwake kuungua si maumivu ya siku tatu. Kila mwungulio huacha deni ndani ya ngozi, na deni hilo hulipwa kwa saratani. Madaktari wa ngozi wa nchi yetu wamelisema kwa miaka mingi: saratani hiyo ndiyo inayowaondoa wengi mapema, kabla ya uzee kuwafikia, na karibu yote yangeweza kuzuiwa. Mabaka magumu, kidonda kisichopona kwa wiki tatu nne, kipele kinachotoka damu: hivyo si vya kupakwa dawa nyumbani, ni vya kuonyeshwa hospitali mapema.

Kinga yenyewe si ya matajiri peke yao. Ni kofia pana inayofunika masikio na shingo, shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa vizuri, sketi ndefu au suruali, viatu vya kufunika nyayo, miwani ya jua, na dawati lililo mbali na dirisha lenye jua. Mafuta ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi hupakwa kabla ya kutoka na hurudiwa kila baada ya saa mbili. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya namna hiyo kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa kupitia kliniki zao. Chama cha watu wenye ualbino, kilichoanzishwa nchini mwaka 1978, huweza kumwelekeza mzazi mahali pa kuyapata.

ROBANDA, ALFAJIRI

Siku ya sita mtoto alikuwa anacheka tena, ingawa pua yake ilikuwa imebambuka. Nilikuwa nimemwahidi wanyama, na ahadi kwa mtoto ni deni. Safari hii tuliipanga upya. Tulitoka Mugumu gizani, ndani ya gari lenye paa, tukaelekea Robanda, katika nchi ya Waikoma, karibu na ngome ya kale iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Alivaa shati la shule la binamu yake la mikono mirefu, na kichwani kofia ya pama ambayo bibi yake aliinunua mwenyewe sokoni Mugumu, akaishonea kipande cha khanga nyuma kiteremke hadi mabegani. Yale mafuta ya Mwanza mama yake alikuwa ameyatuma kwa basi.

Jua lilipochomoza tuliona swala, kundi la pundamilia, na twiga watatu wakitembea bila haraka. Binti yangu hakuweza kuwaona vizuri kwa mbali, kwa maana ualbino hupunguza nguvu ya macho, hivyo binamu zake wakawa wanamsimulia, na yeye anawauliza maswali yasiyokwisha. Saa tatu na nusu nikasema, "Turudi." Wakanung'unika wote. Sikubishana nao, nikamwambia dereva ageuze gari.

Tuliporudi tukakuta ugali na mlenda, na juu yake samli ya bibi, imeyeyuka na kunukia. Mama akamtazama mjukuu wake akila, akasema, "Sista alisema kweli. Samli hukaa humu."

Siku ya kuondoka alitusindikiza hadi kituoni. Hakuniusia habari za watu wabaya kama nilivyotarajia. Alikaza tu kamba ya ile kofia chini ya kidevu cha mtoto, akanigeukia akasema, "Mura, hii isiruke tena."